Waya wa Katikati

Tanuri jipya la umeme lilikuwa na nyaya tatu za kupimia joto, zote zikiingia kwenye kisanduku kimoja chenye namba zinazowaka. Wa juu na wa chini zilifungwa na fundi aliyelileta, kabla hajaondoka. Wa katikati Siwema aliufunga mwenyewe, ncha nyekundu kwenye chanya, kama alivyozoea betri za redio.

Ndani mlikuwa na mitungi mitatu aliyoifinyanga mama mkwe wake, Bi Mashavu. Ndiyo ya mwisho, maana mikono ya bibi siku hizi hutetemeka hata ikishika kijiko.

Siwema alizunguka tanuri kama kuku anayetafuta pa kutagia, Bi Mashavu akimtazama.

"Keti, mwanangu. Tanuri halina miguu ya kutoroka."

"Mama, namba ya katikati inashuka!"

"Si linapoa?"

"Linapoa vipi, na mlango haushikiki kwa joto?"

Hapo akashtuka. Kumbe kwenye nyaya za joto ncha nyekundu ndiyo hasi! Moto ulipopanda, kisanduku kilidhani ni baridi, kikazidi kuchochea. Akazima tanuri, akageuza ncha. Namba ikaruka, ikaipita mbali ile waliyoitaka.

Kufungua sasa hakufai. Upepo ungepasua hata mitungi iliyo mizima. Ni kungoja lipoe.

Kikasikika kitu: ti.

"Ni mtungi, mama?"

"Huenda ni goti langu," akasema Bi Mashavu.

Akaunyoosha mguu, kisha akaukunja tena polepole, wote wawili wakitega masikio.