Kadi ya Kumi na Nne

"Hapana," bosi alisema, akairudisha kadi ya tisa mezani. "Ni nzuri, sikatai. Lakini mtu akipewa hii ataitia mfukoni, basi, imeishia hapo. Mimi nataka kadi ambayo mtu akipewa leo, mwakani bado anaikumbuka."

Msanifu akavua miwani, akasugua macho. "Ni kadi ya nani, bosi? Nikimjua mwenyewe, kazi itakuwa nyepesi."

"Jina na cheo utaletewa mwishoni. Wewe tengeneza kana kwamba unajitengenezea."

Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye kampuni ile ya uchapaji. Kadi za mawakili, za mafundi bomba, za wauza majeneza, zote zilipita mikononi mwake, na yeye mwenyewe hajawahi kuwa na kadi hata moja. Msanifu msaidizi hapewi kadi. Anayepewa ni mkuu wa usanifu, na mkuu alikuwa ameondoka mwezi uliopita, kiti chake kikabaki kitupu pale dirishani. Ofisi nzima ilijua ni nani anayekitolea macho.

"Nimechoka mimi," akasema, akijitupa kitini pake.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Ukimuuliza habari za asubuhi, nimechoka. Mashine ikikwama, nimechoka. Ukimwita chai, nimechoka, niletee hapa hapa. Wenzake walishambatiza Mzee Nimechoka, naye akaitika bila kinyongo, maana kweli alikuwa amechoka: mgongo, macho, na zaidi ya yote kuitwa msaidizi na mvi zote zile kichwani.

Dada wa mapokezi akaja akainamia meza yake.

"Mzee wangu, wewe nawe! Kweli hujaelewa? Jana bosi kaniuliza jina lako linaandikwaje. Majina yote matatu."

"Ya nini?"

"Nijue wapi mimi? Kaniambia nifunge mdomo, eti anataka kukushtukiza. Na keki imeagizwa."

"Hebu niondolee uzushi wako hapa," alisema, lakini macho yakamponyoka kuelekea kile kiti cha dirishani.

Jioni alimwambia mkewe, akamsihi asitangaze.

"Baba watoto! Cheo chenyewe? Kile kile?" Mke akakaa chini, machozi yakamlengalenga. "Hatimaye wamekuona."

Chakula kilipoiva, mashemeji wawili walikuwa wameshapiga simu kutoa pongezi.

"Si nilikuomba?"

"Nimemwambia dada yangu tu, jamani."

Na huyo dada yake, ukimwambia jambo, redio za nini tena.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama kijana aliyeajiriwa juzi. Alitupa nembo zote. Alichagua karatasi nene, rangi ya maziwa, na jina akaliweka peke yake katikati, kwa herufi zilizobonyezwa ndani ya karatasi, kiasi kwamba hata mtu aliyefumba macho angelipapasa kwa kidole akalisoma. Kwa muda aliandika tu "Jina Kamili", na chini yake, kwa herufi ndogo, "Cheo". Kila alipoitazama ile sehemu ya cheo alijikuta anatabasamu peke yake, akaona haya, akakohoa. Mgongo uliwaka moto. Hakumwambia mtu.

Ijumaa bosi aliishika kadi ya kumi na nne, akaipitishia kidole gumba.

"Hii," alisema, "hata mimi nisingeitupa."

Akamwekea mkono begani. "Umetutumikia miaka yote hii, mzee wangu. Usidhani huwa hatusikii unayosema."

Msanifu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Asante, bosi," alisema.

"Dada atakuletea maelezo sasa hivi. Yaingize mwenyewe kwa mkono wako. Nataka uwe wa kwanza kuiona."

Dada wa mapokezi aliileta karatasi ikiwa imekunjwa mara nne, meno yote nje, akasimama pembeni na simu tayari kupiga picha. Nyuma yake wenzao walishaanza kujipanga, mmoja ameshika kisu cha keki.

Msanifu alivaa miwani, akaikunjua taratibu. Jina la kwanza lilikuwa lake. La pili lake. La tatu lake. Akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatatu, akasogeza macho mstari wa chini, kwenye mwandiko wa bosi.

"Cheo: Mstaafu. Simu: toa ya ofisi, weka ya nyumbani. Chapa hamsini tu, zitamtosha."