Namba ya Udi

Duka la mtandaoni lilikataa udi wa Bi Mgeni kwa kukosa namba ya bidhaa.

"Niweke namba ipi, mama?" akauliza mkwewe Riziki, aliyeshika simu.

Bi Mgeni akamsomea ile iliyo chini ya mistari myeusi, kwenye kopo analohifadhia udi wake. Ikakubaliwa.

Chai haijapoa, simu ikalia: oda imeingia. Riziki akashika kichwa. "Mama! Kopo lenyewe la maziwa ya watoto! Duka limeandika tunauza maziwa!"

"Na mnunuzi kasemaje?"

"'Nileteeni haraka, mwanangu analia, ya hapa yamekwisha.'"

Bi Mgeni alishajifunga kanga. Akatoka mbio kuyatafuta madukani, kiatu kimoja mguuni. Nyuma yake simu ikalia tena: oda nyingine ya maziwa.