Moyo Uliopimwa

Enzi hizo, programu huria, zile zinazoandikwa na watu wengi kwa pamoja, hazikupokea msimbo wa kompyuta mpaka moyo wa mwandishi upimwe, kwa kuwa hasira huzaa msimbo wenye mafundo. Msimbo wa Shekue ulikataliwa asubuhi nzima, maana alikuwa amegombana na mkewe, Mwanahawa. Akamfuata jikoni, alikokuwa akikanda unga wa chapati.

“Nisamehe, Mama Tausi. Nilikukosea.”

Mwanahawa akacheka, akamkumbatia kwa mikono yenye unga. Shekue aliporudi kwenye kompyuta, kazi yake ikapokelewa mara moja.

“Baba Tausi,” mkewe akauliza kutoka mlangoni, “kazi yako ingepokelewa mapema, ungekuja kuniomba msamaha?”

Shekue akaigeuzia kompyuta mgongo, akamtazama. Mwanahawa akasogea, akamfuta unga shavuni taratibu, akasubiri jibu.