Kiuno Kimerudi

Hester alifungua gazeti la mitindo lililoletwa kutoka London, akabaki ameiduwalia picha.

Mwanamke wa pichani alikuwa na kiuno palepale Mungu alipokiweka, na rangi ya buluu iliyopakwa pichani kwa mkono ilikuwa imevuka kidogo ukingo wa sketi yake pana.

Gauni hilo lilifanana kabisa na lile la hariri la marehemu mama yake, kabla Hester hajalitia mkasi ili kiuno kikae chini ya matiti, kama picha za wakati ule zilivyotaka.

“Liache, mwanangu,” mama alimwambia siku hiyo. “Viuno vitarudi tu.”

“Vitarudi wewe ushazikwa, mama.”

Mama alicheka, akamshikia hariri isiteleze alipokuwa akikata.