Nyumba ya Anyona

Simu ya Ogari ilikuwa fupi. "Njoo Kebirigo sasa hivi. Tunamjengea baba yako nyumba." Kisha akakata.

Shueib alibaki mlangoni mwa duka la wajomba zake, mjini Kisii, asijue acheke au alie. Miaka ishirini na miwili! Tangu Anyona, baba yake, asilimu ili amwoe Hawo, babu alimkataza kusimamisha hata kibanda katika boma la Kebirigo, na akafa bila kulegeza neno. Hawo naye alishafariki. Shueib akabaki katikati: wajomba walimwita Mkisii, na kule Kebirigo alipokwenda kusalimia, watoto walimwita Msomali.

Alimpigia baba yake ampe habari. Hakupatikana. Anyona aliondoka Jumapili na lori la vinyago vya mawe kutoka Tabaka, akielekea Mombasa, na njia ile ina sehemu nyingi zisizo na mtandao. Shueib akavaa buti, akapanda bodaboda.

Alikuta ukoo mzima kazini. Wanawake walikandika udongo, vijana walipigilia mabati ya zamani. Nyumba yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya aibu: chumba kimoja, dirisha moja, hakuna pa kupikia. Lakini ilisimama katika shamba la babu, kando ya majani chai, na hilo lilimtosha kabisa.

Hakuna aliyetabasamu alipoingia. Mabinamu ambao zamani hawakumpa hata mkono, leo walimpa mikono yote miwili. Nyanya Nyanchera alimshika uso, akamtazama kwa muda mrefu. Shueib akamshukuru kwa nyumba, akicheka kwa furaha, na bibi kizee akarudisha mikono yake haraka.

Ogari, kaka mkubwa wa baba yake, alimvuta kando. "Umewaambia wajomba zako?"

"Bado. Nitawaambia jioni."

"Usiwaambie. Wakisikia leo watakuja kutuzuia. Tumalize kwanza."

Shueib alishangaa. Wamzuie mtu kujenga kwao, kwa nini? Hata hivyo alikunja suruali, akaingia kwenye udongo na kuukanyaga pamoja na wengine. Alikuwa na furaha, na furaha haitaki maswali mengi. Akaanza hata kupiga mluzi. Mmoja baada ya mwingine, watu waliacha kuongea.

Sheila, binti ya Ogari, alimletea maji. "Mimi ningekuwa wewe," alisema, "nisingeweza hata kusimama." Shueib alidhani anazungumzia matusi ya miaka ile yote. Akamwambia yamepita, hana kinyongo na mtu. Sheila akaondoka na ndoo akifuta macho kwa leso.

Mchana alimuuliza Ogari baba yake ataingia lini.

"Kesho atalala humu."

Kesho Anyona angekuwa Mombasa akipakua mzigo. Lakini mtu hamsahihishi baba yake mkubwa mbele ya watu, tena siku kama hiyo. Shueib alijaribu simu tena. Haikupatikana. Akajiambia betri imeisha.

Saa kumi bati la mwisho lilipigwa misumari. Wanaume wakahamia upande wa kulia wa nyumba, hatua chache tu kutoka mlangoni, wakaanza kuchimba. Shueib aliomba jembe naye. Wakampisha upesi, wakainamisha vichwa, akachimba hadi jasho likamwingia machoni. Shimo lilipofika magotini alisimama kupumua. Mchana kutwa alijizuia asionekane mgeni mwenye makuu, lakini hii ilikuwa nyumba ya baba yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiona ana haki ya kusema kitu katika boma lile.

"Baba mkubwa, samahani," alisema. "Choo kikiwa karibu hivi na mlango, baba hatapenda."

Majembe yalinyamaza. Nyanchera aliketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi. Ogari alivua kofia, akamtazama Shueib kana kwamba ndiyo kwanza anamwona siku ile.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani ukisikia nyumba utakuwa umejua. Kwetu mwanamume hazikwi kama hana nyumba."