Mabusu Matatu ya Pasaka

Kitako cha bunduki kilimvunja meno rafiki yake Ardalion, damu ikatapakaa kwenye theluji ya asubuhi ya Pasaka.

Miaka yote wanafalsafa hawa wawili, ambao sasa walikuwa wamesimamishwa ukutani wapigwe risasi, walikuwa wakibishana. Rafiki alishikilia kwamba Mrusi amembeba Mungu kifuani na ataukomboa ulimwengu. Ardalion alisema binadamu ni mnyama tu, awe Mrusi asiwe.

"Kristo amefufuka, mwanangu," rafiki alimwambia askari wa mapinduzi aliyempiga.

Askari akavua kofia. "Kweli amefufuka, baba." Akambusu mashavuni mara tatu, kama ilivyo desturi.

"Umeona, mbishi we?" rafiki akacheka kwa mapengo mabichi.

Askari akajifuta mdomoni damu ya aliyembusu, akarudi kwa wenzake, akainua bunduki.

Kwa mara ya kwanza maishani, Ardalion aliomba awe amekosea.