Somo Yake Jaji

Siku hizi wenye jina moja hugawana sifa na aibu kisheria. Mwanamkuu, mpishi wa mahamri, alipewa kiti cha mbele kila harusi kwa ajili ya Jaji Mwanamkuu, asiyekula rushwa. Leo jaji mwenyewe alipiga hodi.

“Somo yangu, nimekuja kukushukuru. Kila wakinishawishi, nakukumbuka wewe na wanao.”

Mwanamkuu alicheka, akamwandalia mahamri ya moto. “Nami humeza hasira kila anaponichokoza jirani yangu mgomvi, nisije nikakuvua joho.”

Mara jirani huyohuyo akachungulia mlangoni, uso umemchanua. “Binti yangu kajifungua! Tumempa jina lenu!”

“Hongera,” walisema pamoja. Jaji akarudisha hamri sahanini, akauliza polepole, “Na atalelewa na nani?”